Pombe Ambayo Nashilu Hakunywa

Nashilu hakunywa pombe hata siku moja maishani mwake. Nalisema hili mapema kabla hamjaanza kunikatiza, maana nawajua. Ile Jumapili aliposimama katikati ya ibada na kusema mbele ya watu wote, "Nimekunywa pombe, imenishinda, naomba nitengwe," alikuwa anasema uongo. Uongo kanisani, tena akiwa mke wa mzee wa kanisa. Mimi Anyesi nimeishi miaka mingi na nimesikia waongo wa kila namna, lakini sijaona mwingine aliyedanganya ili aonekane mbaya.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili, huku kwetu mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Usharika wetu ulikuwa mkali kwa pombe kuliko kwa jambo lolote. Mtu aliweza kumsengenya jirani mpaka mate yakamkauka, asiulizwe na yeyote. Lakini ukikutwa na pombe ya ndizi, hata ya kuonja, umetengwa: hukaribii Chakula cha Bwana, mtoto wako habatizwi, na unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, unapigwa na baridi. Na mkali kuliko wote alikuwa Sumari, mume wa huyo huyo Nashilu. Alipita nyumba kwa nyumba akinusa mitungi. Akikuta yenye pombe anaipiga teke, kisha anasali na mwenye nyumba huku pombe inatiririka miguuni mwao wote wawili.

Sasa fikirieni mke wa mtu kama huyo anasimama na kusema vile. Sumari alikuwa amekaa mbele pamoja na wazee wenzake, na mimi kutoka nilipokuwa niliona shingo yake tu, jinsi ilivyoinama. Hakugeuka. Nashilu alibaki amesimama, amemshika mkono binti yake Anande wa miaka miwili, ambaye mkono wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia.

Pombe yake ilikuwa matone.

Matone ilikuwa dawa ya chupa, kichupa cha kahawia chenye kizibo, kikiuzwa waziwazi dukani pamoja na sabuni na chumvi. Ndani yake mlikuwa na afyuni. Hilo niliambiwa miaka mingi baadaye na dresa mmoja wa zahanati aliyenisomea karatasi iliyobandikwa ubavuni, maana ilikuwa ya Kizungu na sisi tulikuwa hatujui. Tulichojua ni kwamba inaponya. Tumbo la kuhara, msokoto, kikohozi, baridi ya homa, kukosa usingizi: matone kumi kwenye kijiko cha maji, na mtu ametulia. Mtoto akiota meno, mawili. Hakuna nyumba ya Mkristo iliyokosa matone. Kwangu yalikaa juu ya kabati, karibu na Biblia, na sikuona vibaya.

Nashilu alianza mwaka ule wa kuhara damu, uliotupitia sote. Alipewa matone, akapona. Baadaye akazaa mtoto aliyekaa siku nne tu, akarudia matone ili apate usingizi. Usingizi ukaja. Ila baada ya hapo haukuja tena bila kijiko, na baadaye hata kazi haikufanyika bila kijiko. Asipokunywa, mikono inatetemeka na mifupa inamwuma, akinywa, anasinzia. Siku moja wakati wa mavuno ya kahawa, mchana kweupe, alisinzia ameketi mekoni, na Anande akaushika mpini wa sufuria. Uji uliokuwa unatokota ukamwagikia mkono mzima, kutoka kiwiko hadi vidole. Nilikuwa shambani kwangu nachuma buni nikasikia kilio cha mtoto, nikakimbia. Nilipofika, mtoto analia, na mama yake ndiyo kwanza anafumbua macho.

Wiki ile alinifuata kwenye mfereji nikiteka maji. Akaniambia, "Anyesi, matone yamenishinda."

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Wee Nashilu, kama matone ni dhambi basi usharika mzima tunaenda motoni tukiwa tumelala vizuri." Nilijiona nimesema la maana. Yeye akatabasamu kidogo, akanisaidia kujitwika ndoo, akaenda zake. Hilo bado linaniuma.

Alikuwa ameshamwambia mumewe. Sumari akamjibu, "Dawa haimshindi mtu, mke wangu. Ugonjwa ndio unakushinda," akamnunulia chupa nyingine kwa mapenzi. Alikwenda kwa Mchungaji Elifuraha pia. Mchungaji alikuwa mtu mwema, tena msikivu. Akamwekea mikono kichwani akaliombea tumbo lake. Akamwambia asijilaumu, Mungu ndiye aliyewapa wanadamu dawa. Basi kila alikopeleka kilio chake alirudishiwa chupa ile ile, pamoja na neno la faraja.

Lakini Nashilu hakuwa mjinga. Miaka miwili nyuma alikuwa amemwona mlevi mmoja wa huku juu, mtu aliyekuwa akilala mferejini, alivyorudishwa kundini. Hapo ndipo usharika wetu ulipokuwa mzuri, lazima niseme kweli. Mtu akiungama pombe alipewa wasimamizi wawili kwa majuma sita. Wanakuja nyumbani kwake kila siku, wanakaa naye kutwa, wanafanya naye kazi, wanapika, wanasali, na anakokwenda wanakwenda. Hawaachi pombe ipite mlangoni. Yule mlevi alitukana wasimamizi wake juma zima, lakini walikaa. Na aliacha kweli.

Hicho ndicho alichokitaka Nashilu. Alitaka watu wakae naye na wasimwonee haya. Na kwa kuwa matone hayakuwa na wasimamizi, aliungama kitu chenye wasimamizi.

Sisi hatukuyajua hayo. Mimi nilipopewa kazi ya kumsimamia, nilijiambia, kumbe! Kumbe siku ile mferejini alikuwa anaificha pombe nyuma ya dawa. Nikaona hata aibu kwa niaba yake.

Mwenzangu katika usimamizi alikuwa Mama Sadoki. Huyo mama, jamani. Mrefu, mkavu, mjane, sauti yake ilikuwa inatangulia nusu saa kabla hajafika. Hajaonja pombe tangu azaliwe na hakuacha mtu asahau hilo. Siku ya kwanza aliingia kwa Nashilu, hata salamu hazijaisha, akamwambia, "Pumua hapa." Akamnusa mdomo. Akazunguka nyumba akanusa mitungi, akanusa debe la maji, akanusa hata kibuyu cha maziwa ya mtoto. Nashilu akamfuata nyuma. Mwishoni akamwuliza kwa upole, "Umeona kitu, mama?" Mama Sadoki akajibu, "Bado."

Sumari alikuwa ameondolewa kwenye uzee wa kanisa, kwa sababu nyumba yake imeingia pombe. Siku zile alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kwenye kahawa yake na kurudi jioni. Mama yake alikuwa ameshatoa habari kwamba, majuma sita yakiisha na Nashilu hajapona, Anande atahamia kwake. Mkono wa mtoto ulikuwa ushahidi wa kutosha. Nashilu alijua. Kila mara alikuwa anamtazama Anande kama mtu anayehesabiwa siku.

Siku ya pili akaanza kuugua. Miayo kwanza, miayo mfululizo, na pua inatiririka. Baadaye baridi, vipele vimemsimama mikononi kama kuku aliyenyonyolewa, huku jua linawaka. Baadaye tumbo. Siku ya tatu alikuwa anahara, anajikunja kitandani, miguu haitulii, anaipiga ukutani. Tulimchemshia mtori wa mchuzi, akatapika. Usiku alikuwa halali kabisa, Sumari alituambia alfajiri tulipopishana mlangoni, macho yake mwenyewe mekundu.

"Pombe inatoka," akasema Mama Sadoki. "Acha itoke."

Lakini mimi sikuweza kumtazama. Mtu tuliyekua naye, tuliyechota naye maji tangu tukiwa wasichana, anaomba kufa. Nikafikiri: anahara, tumbo linamsokota, anatetemeka, hapati usingizi. Mnaona nilikokuwa naelekea. Yote aliyokuwa nayo ni yale yale yanayotibiwa na matone, hakuna lililopungua. Nikajiuliza mbona sote tumekuwa wapumbavu, tunamwacha mtu ateseke na dawa ipo.

Chupa yangu ya kabatini ilikuwa imebaki matone mawili matatu, nami nilitaka kumfanyia jambo jema kwa ukamilifu. Basi nikashuka kwa miguu hadi barabarani Maji ya Chai, dukani kwa Jamaldini. Jamaldini alikuwa mtu wa pwani aliyekuja zamani na wazazi wake, mpole, anaongea polepole. Nikamwomba chupa ya matone. Akainua mkono kuichukua, kisha akasita.

"Ni ya kwako, mama?"

"Ya mgonjwa wangu," nikamwambia. "Mama Ephraimu, mke wa Sumari. Tumbo."

Jina la Ephraimu, mwana mkubwa wa Nashilu aliyekuwa shuleni mbali, lilimfanya aitazame chupa. Akasema, "Huyo mama alikuja hapa mwezi uliopita akaniomba nisimwuzie tena hata akilia. Nilidhani ananitania. Wiki ile ile akaja akalia, nikamwuzia." Akaishusha chupa juu ya meza. "Mimi sijui Kizungu cha kwenye hii karatasi, mama. Ila siku ya gulio hili kasha linaisha lote, na wanaokuja ni wale wale."

Sikumwelewa. Kwa kweli sikutaka kumwelewa, nilikuwa na haraka ya kutenda mema. Nikaichukua chupa nikapanda mlima.

Mama Sadoki alikuwa amekwenda kwake kulisha ng'ombe. Nilimkuta Nashilu peke yake, amejifunika blanketi mbili, Anande amekaa chini anachezea gunzi. Nikachukua kijiko, nikatia maji, nikaanza kudondosha. Moja. Mbili. Tatu. Harufu ikatoka, ile harufu kali yenye utamu. Nashilu akageuza kichwa.

Sijapata kuona uso wa mtu ukiwa vile. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hofu, zote kwa pamoja.

"Anyesi," akasema. "Umeleta nini?"

"Dawa, mpenzi. Ya tumbo tu."

Akaanza kulia. Akasema, "Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo pombe yangu. Hakuna pombe nyingine. Nilikuambia mferejini ukacheka, ikabidi niimwage chupa yangu, niseme pombe ili mje mkae na mimi. Sasa mmekuja, na umeniletea mwenyewe kwa mkono wako."

Nikabaki na kijiko hewani. Ilinichukua muda kuyaunganisha: mfereji, uji, Jamaldini, miayo. Yalipoungana niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Kamwage," akasema. "Kamwage sasa hivi nikiwa bado ninaweza kukuambia."

Nikainuka. Sijafika hata mlangoni nikasikia blanketi zinaanguka. Alikuwa ametoka kitandani, amenishika gauni kwa nyuma kwa mikono yote miwili, na sauti ilikuwa nyingine. "Usimwage. Anyesi, subiri. Hayo ya kwenye kijiko tu. Umeshayapima, yataharibika bure. Hayo tu, halafu mengine umwage. Nakuapia mbele ya mtoto wangu."

Nitawaambia ukweli: nilitaka kumpa. Ingekuwa rahisi sana. Angelala, mimi ningepumzika, na kesho tungeanza upya. Nilimtazama Anande, ameacha gunzi lake, anatutazama, mkono wake mgonjwa amejiwekea kifuani. Nikatoka nikamwaga kijiko na chupa nzima kwenye shina la mgomba, na udongo nikaukanyaga.

Aliyonitukana siku ile siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Aliniita mchawi. Alisema mtoto wangu wa pili alikufa kwa kuwa nilikuwa nimezoea kucheka pasipo cha kuchekesha. Lilinichoma, maana aliyelisema ndiye aliyenisaidia kumzika. Nilikaa. Nilikuwa nalia na kukaa. Nilimfuta matapishi, akanisukuma, nikamfuta tena.

Hapo ndipo Mama Sadoki aliporudi. Akakuta chupa tupu mlangoni. Akaiokota, akainusa, na mimi nikamweleza yote kwa haraka, nikingoja anipigie kelele. Hakupiga. Aliendelea kuishika ile chupa puani muda mrefu kuliko inavyohitajika kuijua harufu.

"Umemwaga yote?" akaniuliza.

"Yote."

"Wapi?"

Nikamwonyesha mgomba. Akautazama. Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani nyuma ya Nashilu, akamkumbatia kwa ile mikono yake mikavu, akamshikilia hivyo mpaka jua likashuka. Hakumnusa mdomo tena tangu siku ile.

Siku ya saba Nashilu alikunywa mtori ukatulia tumboni. Siku ya kumi alilala mchana kama mtoto, nasi tukatembea kwa ncha za vidole. Alimweleza Sumari mwenyewe, mimi nikiwa nje nachambua kahawa. Kisha Sumari akatoka, akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa namnunulia mwenyewe." Hakuwa ananiambia mimi. Tangu siku ile alikuwa anarudi kutoka shambani mchana, anakaa naye, anamsagia mahindi, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwona mwanamume wa rika lake akiifanya.

Nilimshauri Nashilu tuwaeleze watu ukweli, jina lake lisafishwe na mumewe arudishiwe uzee wake. Akakataa. "Wakijua ni dawa," akaniambia, "watanihurumia. Na wakinihurumia wataniletea." Sumari alikubaliana naye. Alisema hana haraka ya kukaa mbele.

Majuma sita yakaisha. Mama mkwe alikuja akamkagua kama anavyokaguliwa ng'ombe wa kununua, akamkagua na Anande, ambaye mkono ulikuwa umefunga ngozi mpya ya rangi ya waridi. Akaondoka bila mtoto. Jumapili Nashilu akaitwa mbele. Mchungaji Elifuraha akamwuliza, "Je, umeiacha pombe?" Akajibu, "Nimeiacha." Akakaribishwa kundini, watu wakaimba, mimi nikashindwa kuimba kwa machozi.

Mngedhani imeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Jumapili iliyofuata, kabla ya baraka, Mama Sadoki alisimama. Ilijulikana kwamba akisimama kuna mtu anashitakiwa, kwa hiyo wengi waliinamisha vichwa. Aliweka mikono juu ya benchi la mbele yake na nikaiona inatetemeka. Akapiga miayo, akaifunika kwa kanga, akapiga tena.

"Nimekunywa pombe," akasema. "Imenishinda. Naomba nitengwe."

Kuna waliocheka. Mchungaji mwenyewe alisema, "Mama, wewe?" kwa sababu hata mwendawazimu asingeamini. Mama Sadoki alikuwa anamtazama Nashilu, na uso wake mkavu ulikuwa umelowa.

Mchungaji alikuwa hajauliza bado nani watamsimamia. Nashilu akainuka na Anande mgongoni, akapita katikati ya mabenchi, akamshika Mama Sadoki mkono, akaenda kukaa naye kule nyuma karibu na mlango. "Mimi nitakuwa mmoja," akasema. Mchungaji akauliza wa pili. Nikasema ni mimi.

Ibada ilipoisha Mama Sadoki na Nashilu walitangulia. Mimi nilipitia nyumbani kwanza. Nikakiteremsha kichupa changu kutoka pale karibu na Biblia, na yale matone mawili matatu yaliyobaki nikayamwaga nyuma ya banda la kuku. Mkono wangu ulichelewa kidogo kukigeuza, na hilo lilinitia hofu. Kisha nikachukua kibuyu cha loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, nikawafuata.